Usukani Unaojikata Wenyewe: Ushauri kwa Wenye Magari Yaliyoinuliwa

Asubuhi yoyote ya siku ya kazi, Barabara ya Jogoo hubeba kila aina ya chombo: mabasi, matatu, pikipiki, mikokoteni, na katikati yao pikapu za Land Cruiser na Land Rover zilizoinuliwa, zenye magurudumu makubwa na matope ya safari ambayo bado hayajaoshwa. Wakazi wa Makongeni wanazijua vizuri. Baadhi ni za makandarasi wanaofanya kazi Marsabit na Turkana, baadhi ni za watalii, na nyingine ni za vijana waliojikusanyia pesa, wakanunua Suzuki Jimny iliyotumika na kuipandisha kwa sababu wanaipenda hivyo.

Kuna tatizo moja ambalo wenye magari haya hulalamikia mara kwa mara. Gari linapanda tuta au linaingia shimoni, na papo hapo usukani unajizungusha mikononi mwa dereva. Yeye hajaugeuza. Pua ya gari inachepuka upande mmoja, kisha gurudumu likishuka inarudi. Katika jangwa la Chalbi, ambako jirani yako wa karibu ni ngamia, hilo ni usumbufu. Katika barabara ya mtaa isiyo na njia ya miguu, ambako watoto wa shule wanatembea ukingoni mwa lami na mama mboga ameweka meza yake hatua mbili tu kutoka kwenye magurudumu, mchepuko wa nusu mita unatosha kumfikia mtu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la kaunti linaandika kuhusu vyuma vya chini ya gari. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti barabara zao, taa za barabarani, trafiki na maegesho. Ukaguzi wa magari wenyewe ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, yaani NTSA, wala kaunti haitaki kuichukua. Hata hivyo, matuta ni yetu, mashimo ni yetu (tunayakubali), na wanaotembea kando yake ni wakazi wetu. Tena tatizo hili linatibika, na mara nyingi linatibiwa vibaya. Mwenye gari anaweza kulipia vipuri vitatu visivyohusika kabla ya mtu yeyote kuchukua tepu na kupima.

Chanzo cha mchepuko

Tuanze na mlango wa nyumba yako. Ukiufungua, kitasa hakisafiri kwa mstari ulionyooka. Kinafuata duara, kwa sababu upande wa pili umeshikwa na bawaba. Fimbo yoyote iliyoshikwa upande mmoja hufanya vivyo hivyo.

Sasa lala chini ya gari lenye ekseli moja nzima mbele, kama vile Land Cruiser ya mfululizo wa 70, Land Rover Defender au Jimny. Boksi la usukani limefungwa kwenye chesisi. Kutoka hapo kunatoka mkono mfupi unaoitwa pitimani, na kwenye ncha yake imeshikwa fimbo ndefu inayokatiza hadi upande wa pili na kushika mkono wa gurudumu. Mafundi wengi huiita draglinki. Dereva akigeuza usukani, pitimani inaisukuma au kuivuta draglinki, na gurudumu linageuka. Upande mmoja wa fimbo hiyo umeshikwa na chesisi kupitia boksi, na upande wa pili unapanda na kushuka pamoja na ekseli. Kwa hiyo ncha ya chini inafuata duara, kama kitasa cha mlango.

Fimbo ikiwa imelala karibu sawa, gurudumu likipanda kidogo ncha ile haisogei sana kwa upande. Ikiwa imeinama, kupanda kule kule kunaisogeza mbali zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu. Fimbo ina urefu wa milimita 900 na ncha ya chini iko milimita 50 chini ya ile ya juu. Gurudumu likipanda milimita 50, fimbo inalala sawa kabisa, na ncha yake inasogea kando kwa karibu milimita 1.4. Dereva hawezi kuihisi. Sasa inua chesisi kwa milimita 100, yaani inchi nne hivi. Ncha ya chini sasa iko milimita 150 chini. Gurudumu likipanda milimita 50 zile zile, ncha inasogea karibu milimita 7. Hiyo ni mara tano. Ikiwa mkono wa gurudumu una urefu wa milimita 150, milimita 7 zinaligeuza gurudumu kwa karibu digrii 3, na dereva hajafanya lolote.

Mfano huo unafuatwa karibu moja kwa moja na magari ya springi za majani mbele, kwa mfano pikapu za Land Cruiser za kabla ya 1999. Majani yanaishika ekseli isihame kwa upande, kwa hiyo karibu kila milimita ya draglinki inaishia kwenye gurudumu. Ndiyo maana mtu anayeongeza majani ili abebe mzigo zaidi, bila nia yoyote ya kulipamba gari, anaweza kujikuta na usukani unaokata.

Magari ya springi za koili yana jambo la ziada, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Koili haiwezi kuizuia ekseli isihame kando, kwa hiyo watengenezaji huweka fimbo nyingine, panhadi, inayounganisha chesisi na ekseli kwa mshazari. Panhadi nayo inafuata duara lake: gurudumu likipanda, inaisukuma ekseli nzima kando kidogo. Mhandisi aliyelichora gari anaichukulia kasoro hiyo kama faida. Anaiweka panhadi ilale sambamba na draglinki na iwe na urefu unaokaribiana nayo. Ekseli ikisukumwa milimita 5 kushoto na panhadi, ncha ya draglinki nayo imesogea milimita 5 kushoto. Tofauti kati yao ni sifuri, na gurudumu linabaki limenyooka. Fimbo hizo mbili ni kama watu wawili wanaobeba kabati ngazini: mradi wapige hatua sawa, kabati halipindi.

Kutokana na hapo utaona kwamba, kwa gari la koili, kuinuliwa peke yake si lazima kulete mchepuko mkubwa. Fimbo zote mbili zinainama pamoja na zinaweza kubaki sambamba. Tofauti ndogo za urefu zitaanza kuonekana, lakini mchepuko mkali kwa kawaida huja baada ya mtu kurekebisha fimbo moja na kuiacha nyingine.

Dawa nusu

Hivi ndivyo inavyokuwa. Gari limepandishwa inchi nne. Panhadi iliyoinama imeivuta ekseli kando, na mwenye gari anaona gurudumu la upande mmoja limetokeza nje kuliko lingine. Fundi anatengeneza kishikio kirefu kinachoishusha panhadi upande wa chesisi, ekseli inarudi katikati, na gari linapendeza. Lakini sasa panhadi imelala na draglinki bado imeinama. Watu wawili waliobeba kabati hawaendi tena pamoja. Siku ya pili barabarani, usukani unakata kwenye kila tuta.

Au kinyume chake: mwenye gari amesikia kwamba dawa ni pitimani iliyoshushwa, akaagiza moja na kuifunga. Draglinki imelala, panhadi imeinama. Tatizo ni lile lile, ila sasa linakata upande wa pili.

Mwandishi wa makala haya alipanda gari moja la aina hiyo kutoka Makongeni hadi Viwandani, ng'ambo ya reli. Mwenyewe alikuwa amebadilisha shokapu ya usukani mara mbili, na alikuwa akijiandaa kuibadilisha ya tatu. Shokapu hiyo hupunguza ukali wa mtetemo unaofika mikononi, lakini haiwezi kubadilisha duara ambalo fimbo inafuata. Kuitumia kutibu mchepuko ni sawa na kuongeza sauti ya redio ili usisikie injini inagonga.

Dawa kamili

Kanuni ni moja: unachofanya kwa panhadi, ukifanye pia kwa draglinki. Kuna njia mbili za kuifuata.

Ya kwanza ni kushusha ncha za juu. Kishikio cha panhadi kwenye chesisi kinashushwa, na pitimani inabadilishwa kwa ile iliyoshushwa kwa kiasi kile kile. Ni njia rahisi na vifaa vyake vinauzwa vikiwa tayari. Ubaya wake ni kwamba kishikio kirefu kina nguvu ya wenzo: kila tuta linakivuta kama nyundo inavyong'oa msumari. Kisipowekewa mkingamo wa chuma unaokishika upande wa pili wa chesisi, mashimo ya bolti hupanuka, kisha bolti huanza kucheza.

Ya pili ni kuinua ncha za chini. Kishikio cha panhadi kwenye ekseli kinapandishwa, na draglinki inahamishwa ishike mkono wa gurudumu kutoka juu badala ya chini. Njia hii ina kazi zaidi na bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa maoni yangu ni bora kwa gari lililoinuliwa inchi nne au zaidi. Pitimani inabaki ile ya kiwandani, draglinki inapanda mbali na mawe, na kwa kuwa panhadi iko juu zaidi, gari halilali sana kwenye kona. Kabla ya kufunga kabisa, fundi lazima aibane springi hadi mwisho na kuhakikisha kwamba draglinki haigusi chesisi, springi wala panhadi yenyewe.

Panhadi ya kurekebishika urefu ni kifaa kizuri cha kurudisha ekseli katikati. Haitibu mchepuko. Wauzaji wengine huisema hivyo, na mnunuzi anapaswa kujua.

Kwa gari la majani lisilo na panhadi hakuna cha kulinganisha nacho, kwa hiyo lengo ni kuilaza draglinki karibu sawa iwezekanavyo gari likiwa limesimama na mzigo wake wa kawaida. Hapo pitimani iliyoshushwa, au draglinki iliyopandishwa, inatosha peke yake.

Pima kabla ya kulipa

Jaribio hili halihitaji mashine. Egesha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka, na zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Zima injini lakini usifunge usukani. Bandika kipande cha karatasi ya gundi juu kabisa ya usukani, mahali ambapo saa ingeonyesha kumi na mbili. Sasa weka jeki chini ya chesisi mbele, si chini ya ekseli, na uinue taratibu milimita 50 huku magurudumu yakibaki ardhini. Mwenzako aangalie ile karatasi. Ikibaki mahali pake au ikisogea kidogo tu, fimbo zako zinaenda pamoja. Ikizunguka waziwazi, umeupata mchepuko, na unaweza kuuonyesha kwa fundi bila ubishi. Mtu asiingie chini ya gari wakati linashikiliwa na jeki peke yake.

Kisha pima fimbo zenyewe. Kwa kila fimbo, pima kimo kutoka ardhini hadi katikati ya kiungo cha juu, halafu hadi katikati ya kiungo cha chini, na upime pia umbali wa kulala kati ya viungo hivyo viwili. Usidanganywe na umbo: draglinki nyingi zimepindwa kiwandani ili zipite mahali, na jicho linafuata mpindo. Kinachohesabika ni mstari kati ya katikati ya kiungo na katikati ya kiungo. Tofauti ya vimo ikigawanywa kwa umbali wa kulala inakupa mwinamo. Linganisha wa draglinki na wa panhadi. Namba zikikaribiana sana, tafuta tatizo kwingine.

Na kwingine kupo, kwa sababu kuna maradhi mawili yanayofananishwa na hili. Ikiwa gari linayumba huku na kule barabarani hata pasipo na tuta, na usukani haurudi wenyewe baada ya kona, huenda ekseli imezunguka mbele wakati wa kuinuliwa na kasta imepungua. Hilo hutibiwa kwa bushi maalumu au mikono ya ekseli iliyorekebishwa. Ikiwa usukani unatetemeka kwa nguvu kushoto na kulia baada ya tuta na hauachi hadi upunguze mwendo sana, tazama kwanza bushi na bolti za panhadi, kisha viungo vya usukani. Mwenzako azungushe usukani kidogo kidogo injini ikiwa inanguruma, nawe utazame kutoka kando kiungo kipi kinacheza kabla ya gurudumu kusogea. Kupima pembe za fimbo kwenye gari lenye bushi zilizokufa ni kupoteza wakati.

Na Probox je?

Wengi wetu hatuna Land Cruiser. Gari linaloinuliwa zaidi katika mitaa ya Eastlands ni Probox na ndugu zake, kwa kuweka spesa juu ya shokapu za mbele ili tumbo lisigonge. Magari haya hayana ekseli nzima mbele wala panhadi. Kila gurudumu linashikwa na mkono wake wa chini, na usukani unapitia raki na tairodi mbili fupi. Kanuni haijabadilika: tairodi na mkono wa chini ni fimbo mbili zinazofuata duara, na zilichorwa ziende pamoja katika kimo cha kiwandani. Ukizidisha spesa, zote mbili zinainama, na kwa kuwa urefu wao haulingani, magurudumu yanaanza kufungua au kufunga ncha zake za mbele kila yanapopanda na kushuka.

Alainmenti ni lazima baada ya kuweka spesa, vinginevyo tairi zitaliwa upande mmoja. Lakini ieleweke kwamba alainmenti hurekebisha magurudumu gari likiwa limesimama tu. Mabadiliko yanayotokea katikati ya tuta hayaonekani kwenye mashine hiyo. Kwa gari la aina hii dawa ni kiasi. Ukiona tairodi zimeinama sana kutoka kwenye raki kwenda chini, punguza spesa. Utaokoa pia viungo vya ekseli ndogo zinazozungusha magurudumu ya mbele, ambavyo navyo haviipendi pembe kali. Wenye Hilux na Prado za kisasa, ambazo pia hazina ekseli nzima mbele, wafuate ushauri huo huo, au wanunue seti kamili inayoshusha mikono na usukani kwa pamoja.

Kuhusu moto na kulehemu

Mafundi wa jua kali wa jiji hili wanaweza kutengeneza karibu kila kitu kwa chuma, na jarida hili limewasifu mara nyingi. Kuna kazi moja ambayo hawapaswi kuifanya wala mteja kuiomba: kupasha moto pitimani na kuipinda, au kukata draglinki na kuiunga kwa kulehemu ili ipate umbo. Pitimani imeundwa kwa chuma kilichopitia moto na kupoozwa kwa kipimo. Ukikipasha tena kienyeji unakiondolea ugumu wake, na hakuna jicho linaloweza kuliona hilo kutoka nje. Panhadi ikikatika, gari linahama ghafla kwa upande. Draglinki au pitimani ikikatika, usukani unazunguka bure na magurudumu yanaelekea yanakotaka. Kwenye barabara ya mtaa hakuna nafasi ya kungoja gari lisimame.

Kishikio cha panhadi kinaweza kulehemiwa kwenye chesisi na fundi mwenye ujuzi, kwa chuma kinene, na kupakwa rangi baada ya kukaguliwa. Vinavyogeuza magurudumu vinunuliwe vikiwa kamili. Nati ya pitimani ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji, na kila pini ya kufungia nati iliyotolewa itupwe na kuwekwa mpya. Ni kipuri cha bei ndogo sana na watu huirudisha ile ya zamani.

Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza 1989 kuchangia ulinzi wa msitu wa Aberdare, yamewafundisha wapenzi wengi wa magari hapa nchini jinsi ya kuinua gari. Yanafaa kutazamwa, ila ikumbukwe kwamba mshindi hupatikana kwa kwenda umbali mfupi zaidi kati ya vituo, porini, mara nyingi kwa mwendo wa kutambaa. Usukani unaokata kidogo hausumbui sana kwa mwendo huo. Gari hilo hilo likija mjini kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mwendo mijini, ni gari jingine.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka mwenye gari ahakikishe kuwa hali yake haihatarishi watu wengine barabarani. Magari ya biashara na ya abiria hukaguliwa kila mwaka, na kituo cha ukaguzi cha NTSA kilicho karibu na wakazi wa Makadara kiko Barabara ya Likoni, Viwandani. Kabla ya kuinua gari, uliza huko ni mabadiliko gani yanahitaji kuonyeshwa, na umjulishe mwenye bima wako kwa maandishi.

Kazi ikishakamilika, liendeshe gari kwa siku chache katika barabara unazozijua, kisha lirudishe kwa fundi. Bolti zote za panhadi, vishikio vyake na nati ya pitimani zikaguliwe tena gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na lile jaribio la karatasi kwenye usukani lirudiwe mbele yako.